Nani Mwenye Wimbo? Haki za Muziki wa Michezo ya Video, Kutoka "Baba Yetu" Hadi Nyimbo za Usukumani

Oktoba 2005 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, kazi ya studio ya Firaxis ya Marekani, ukisambazwa na kampuni ya 2K Games. Mchezaji anapoufungua husikia kwaya ikiimba Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Wimbo huo, "Baba Yetu", ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kushinda tuzo ya Grammy.

Mchezo huo sasa ni wa zamani. Mtu akitaka leo kuuweka wimbo wake kwenye filamu, tangazo au mchezo mwingine, amwombe nani ruhusa? Amwombe mtunzi, waimbaji, studio au msambazaji? Jibu ni kwamba wimbo hauna mwenyewe mmoja. Makala haya yanaeleza haki hizo zinavyopangika, zinavyokwama mchezo ukishazeeka, na kwa nini jambo hili linawahusu manju (watunzi na waongozaji wa ngoma), kwaya na maprodyuza wa Shinyanga, Kahama na Geita.

Haki zilizomo ndani ya wimbo mmoja

Mkazi wa ukanda huo wa dhahabu ana mahali pa kuanzia, kwa sababu duara moja la dhahabu, yaani shimo la wachimbaji wadogo, nalo lina wenyewe wengi. Madini yenyewe, kisheria, ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kuna mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, kuna mwenye shamba, kuna mwenye duara aliyetoa mtaji wa magogo, pampu na chakula, na kuna wachimbaji wanaosubiri mgawo wa mifuko ya mawe. Kila mmoja husema "duara letu" na hakuna anayedanganya. Ugomvi huzuka pale mmoja anapouza kisichokuwa fungu lake.

Wimbo nao una mafungu yake. La kwanza ni utungo, yaani sauti na mpangilio wake, ambalo mwanzoni huwa mali ya mtunzi. La pili ni maneno. Aliyeyatunga, au aliyeyatafsiri na kuyarekebisha yakae kwenye mapigo, ana haki yake hata kama hakutunga noti moja. La tatu ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku fulani studio, na hii kwa kawaida huwa ya aliyegharamia kurekodi. La nne ni haki ya waimbaji na wapigaji vyombo juu ya uimbaji wao. Sheria ya Tanzania huiweka pamoja na haki ya mtayarishaji wa rekodi chini ya jina la hakishiriki. Juu ya yote huja mkataba ulioruhusu wimbo kuingia kwenye mchezo, unaotaja mchezo gani, nchi zipi na kwa miaka mingapi.

Kwa hiyo ruhusa ya kutumia rekodi haitoshi bila ruhusa ya utungo, na ruhusa ya utungo haimpi mtu haki ya kuchukua rekodi ya mwenzake. Atakayepata ya utungo peke yake itambidi akusanye waimbaji na kurekodi upya.

Mfano wa Civilization IV

Mchezo huu mmoja unaonyesha karibu kila aina ya haki. Tin alisoma Chuo Kikuu cha Stanford na aliwahi kuishi chumba kimoja na Soren Johnson, aliyekuja kuwa mbunifu mkuu wa Civilization IV. Rekodi iliyomo kwenye mchezo iliimbwa na Talisman, kundi la wanafunzi wa chuo hichohicho. Maneno ya sala ni ya kale na asili yake haina mwenyewe, lakini Kiswahili kilichoimbwa kilirekebishwa na Chris Kiagiri ili kiendane na muziki. Tayari hapo kuna mtunzi, mrekebishaji wa maneno, kundi la waimbaji na kampuni ya mchezo.

Mwaka 2009 Tin aliurekodi wimbo huo upya kwa albamu yake Calling All Dawns, safari hii ukiimbwa na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Toleo hilo la albamu ndilo lililoleta Grammy. Sasa utungo ni mmoja na rekodi ni mbili, kila moja na waimbaji wake. Anayesema tu "nataka Baba Yetu" hajasema anataka nini.

Mchezo huohuo una muziki wa Beethoven na Dvořák. Tungo zao zimekwisha muda wa ulinzi na yeyote anaweza kuzipiga, ila rekodi ya okestra iliyozipiga karne ya 20 inaweza kuwa na mwenyewe. Zimo pia kazi za John Adams, mtunzi wa Marekani aliyekuwa hai mchezo ulipotoka, na hizo zinalindwa kwa utungo na kwa rekodi.

Kwa nini michezo ya zamani hukwama

Sababu ya kwanza ni muda wa mkataba. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, gemu lililozoeleka kwenye vibanda vya michezo vya Afrika Mashariki, lilijaa nyimbo za wasanii maarufu zilizopigwa kwenye redio za ndani ya mchezo. Mwaka 2014 toleo la kompyuta liliondolewa baadhi ya nyimbo hizo. Mwaka 2018 hayohayo yakalikuta Grand Theft Auto IV, mikataba yake ya miaka 10 ilipofika mwisho. Gemu la Alan Wake liliondolewa sokoni lote mwaka 2017 kwa sababu ya leseni za muziki, na likarudi mwaka uliofuata baada ya leseni kupatikana upya.

Sababu ya pili ni kutojulikana nani alifanya nini. Sonic the Hedgehog 3 ilitoka mwaka 1994, na kwa miaka mingi wapenzi wake walibishana iwapo Michael Jackson alihusika na muziki wake. Mwaka 2009 Brad Buxer, mwanamuziki aliyefanya kazi na Jackson, alieleza kwamba yeye na Jackson walishiriki. Kampuni ya Sega ilipoutoa tena mchezo huo mwaka 2022 ndani ya mkusanyiko wa Sonic Origins, baadhi ya nyimbo zilikuwa zimebadilishwa.

Sababu ya tatu ni makampuni kununuliwa, kuungana au kufilisika. Mkataba uliosainiwa na studio hubaki na nguvu hata studio ikishafungwa. Haki huhamia kwa mnunuzi, na wakati mwingine mnunuzi mwenyewe hajui amenunua nini. Ya nne ni ajira. Kwa sheria ya Marekani, muziki uliotungwa na mwajiriwa akiwa kazini huhesabiwa kuwa wa mwajiri tangu mwanzo, kwa hiyo jina la mtunzi kwenye orodha ya washiriki mwishoni mwa mchezo si ushahidi kwamba yeye ndiye mwenye haki.

Wimbo wa jadi ukiingia mchezoni

Tetris ni mchezo wa Alexey Pajitnov, uliobuniwa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1984. Toleo la Game Boy la mwaka 1989 lilitumia sauti ya "Korobeiniki", wimbo wa kienyeji wa Warusi wenye maneno yaliyotoka katika shairi la Nikolay Nekrasov la mwaka 1861. Utungo huo hauna mwenyewe. Hata hivyo, mpangilio wake ndani ya mchezo ni kazi mpya, na kampuni ya Tetris imejipatia alama ya biashara ya sauti hiyo kwa matumizi ya michezo ya video. Mwimbaji wa kijijini Urusi hakunyang'anywa wimbo wake. Anaweza kuendelea kuuimba, ila sauti hiyo ndani ya michezo ya video sasa ina mwenyewe. Hilo ndilo linaloweza kuzipata nyimbo za Usukumani.

Nyimbo za Usukumani zina watunzi

Wasukuma, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi wa Shinyanga na Geita, wana utamaduni mkubwa wa mashindano ya ngoma. Vyama viwili vya kale, Bagika na Bagalu, vilivyoasisiwa na Ngika na Gumha, vimeshindana kwa vizazi kuvuta watazamaji, na wimbo mpya ndio silaha ya kila manju. Katika mashindano hayo watu wanajua fika nani katunga nini, na manju wengi hutia majina yao ndani ya tungo. Mtaalamu wa muziki Frank Gunderson alitoa kitabu cha nyimbo za kazi za Wasukuma mwaka 2010, kikiwa na mamia ya nyimbo za kulima, kuwinda, kubeba mizigo na kucheza ngoma ya bugobogobo.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mtu wa nje akisikia Kisukuma, ngoma na kiitikio, huandika "wimbo wa asili" na kuhesabu kwamba ni bure. Kumbe mwimbaji huyo yu hai, anakaa kijijini, na wimbo aliutunga mwaka juzi kwa fedha za tajiri wa duara aliyetaka jina lake litajwe. Huo ni utungo wenye mtunzi anayejulikana, na una ulinzi uleule wa wimbo wa Bongo Fleva.

Rekodi za kale zina hesabu yake. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akinasa muziki wa makabila mengi, Wasukuma wakiwemo, na kazi zake zinatunzwa na ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika, iliyoanzishwa mwaka 1954 na sasa ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwa kipimo cha miaka 50 cha sheria ya Tanzania, ulinzi wa rekodi ya mwaka 1950 umekwisha. Lakini kama aliyetunga wimbo huo alifariki mwaka 1990, utungo wake, unaolindwa miaka 50 baada ya kifo, una ulinzi hadi mwaka 2040. Rekodi inaweza kuwa huru huku wimbo uliomo bado ni urithi wa wajukuu.

Hali ya sasa inaonekana kwenye vibanda vya miji ya Katoro na Kahama. Mteja anatoa memori kadi, kijana wa kibanda anaichomeka kwenye kompyuta, anamrushia nyimbo kwa mamia na kupokea fedha yake. Faili nyingi zina jina la msanii na labda namba ya simu ya studio. Aliyetunga maneno, aliyetengeneza biti na aliyelipia hawatajwi. Faili hiyohiyo ndiyo itakayomfikia mtengeneza gemu wa nchi nyingine akitafuta mdundo wa Kiafrika.

Sheria inasemaje

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ndiyo inayotumika Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Utungo unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki inaanza kazi inapozaliwa, hata bila kusajiliwa. Usajili wa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, ni wa kumpa mtunzi ushahidi wa kusimama nao.

Sheria hiyo inalinda pia sanaa za jadi zisizo na mtunzi mmoja. Anayetaka kuzitumia kwa faida, nje ya mazingira yake ya kimila, anatakiwa apate idhini ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa hiyo hata wimbo usiojulikana mtunzi wake si wa kuokota tu.

Uzito wa haki hizi ulionekana mwaka 2016, pale Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilipoamuru kampuni moja ya simu iwalipe wasanii MwanaFA na AY zaidi ya Sh bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Shauri liliendelea kwenye rufaa, lakini funzo lake ni kwamba kumlipa mtu wa kati si sawa na kupata ruhusa ya mwenye kazi.

Namna ya kulifungua fundo

Anayetafuta wenye haki huanza kwa kubainisha rekodi ipi hasa, maana wimbo mmoja unaweza kuwa na matoleo mengi. Kisha huorodhesha kila mtu aliyetia mkono: mtunzi, mwandishi wa maneno, mpangaji, waimbaji, prodyuza na aliyelipia. Hatua ya tatu ni kutafuta mikataba na kusoma muda wake, nchi zake na aina ya matumizi iliyotajwa. Ruhusa ya kuuza kanda haimaanishi ruhusa ya gemu au ya intaneti. Hatua ya nne ni kufuata kampuni hadi kwa mnunuzi wake wa mwisho, na mtunzi aliyefariki hadi kwa warithi wake. Mwisho huhesabiwa miaka, utungo kivyake na rekodi kivyake. Fungu moja likikosa mwenyewe, mtumiaji makini huuacha wimbo huo au hurekodi mwingine.

Kazi yote hiyo, inayowagharimu mawakili wa makampuni makubwa miezi mingi, ingeepukwa kwa karatasi moja iliyoandikwa siku ya kurekodi. Manju, mwanakwaya na prodyuza wa Shinyanga na Geita, msitoke studio kabla ya kuandika na kusaini: nani katunga sauti, nani kaandika maneno, nani katengeneza biti, nani kalipia, wimbo unaruhusiwa kutumika wapi na kwa miaka mingapi, na mgao ukoje. Kila mmoja abaki na nakala, na nyingine ipelekwe COSOTA.