Kiu ya Ndege, Riziki ya Shannon

Katika miaka ya 1940, ndege ya abiria iliyotoka Ulaya kwenda Marekani ilikuwa na kiu kubwa. Mara nyingi haikuthubutu kuivuka Atlantiki kabla ya kutua magharibi ya Ireland na kujaza mafuta. Mwanzoni zilitua ndege za majini huko Foynes, penye mdomo wa mto Shannon. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia kazi ikahamia ng'ambo ya pili, kwenye uwanja mpya wa Shannon.

Abiria walishushwa wasubiri. Wengi walikuwa watu wenye uwezo, maana tiketi ya siku zile haikuwa ya kila mtu, na hapakuwa na la kufanya ila kula na kunywa. Aliyewahudumia ni Brendan O'Regan, msimamizi wa migahawa ya uwanja, kijana wa County Clare aliyekulia katika biashara ya hoteli. Yeye aliwaona kuwa ni wateja waliokosa duka.

Hoja yake ilisimama kwenye sheria. Abiria anayepita tu hajaingia Ireland, na alichonunua atakitumia kwingine; basi ushuru wa Ireland unamhusu nini? Melini bidhaa zilikuwa zikiuzwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1947 bunge likapitisha sheria iliyoufanya Shannon kuwa uwanja huru kiforodha, wa kwanza duniani. Duka lenyewe lilianza kama kibanda.

Siri ya biashara ile ilikuwa uzito. Mzigo mkubwa wa abiria ulikuwa umebaki tumboni mwa ndege, na kilichosalia kwake ni mikono miwili na begi dogo. Kwa hiyo bidhaa iliyofaa ilikuwa ndogo, ya bei, na ikiwezekana iwe ile inayotozwa ushuru mzito: wiski, sigara, manukato. Hadi leo rafu za viwanja vya ndege zinafuata hesabu hiyo hiyo.

Mwaka 1958 ndege za jeti zikaanza safari za Atlantiki, na baada ya muda hazikuhitaji tena kusimama. Shannon ungeweza kufa. O'Regan akasukuma wazo jingine, eneo huru la viwanda kando ya uwanja, lililoanzishwa 1959. Na ujuzi wa kuuza bila ushuru ukawa nao bidhaa.

Ndio huo ulionunuliwa na Dubai. Mwaka 1983 wataalamu kumi wa Aer Rianta, shirika la viwanja vya ndege la Ireland, waliitwa kuanzisha duka la uwanja wa huko, likafunguliwa tarehe 20 Desemba. Mmoja wao, Colm McLoughlin, aliyekuwa akiendesha duka la Shannon, hakurudi. Alikaa kwenye uongozi hadi 2024. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayefuata mzigo Deira, Dubai, kisha akanunua manukato uwanjani akingoja ndege ya kurudi, ni mteja wa wazo la O'Regan.

Tangu 2006, baada ya Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, msafiri anayenunua chupa uwanjani huku akiunganisha ndege ana sharti la ziada. Katika viwanja vingi vimiminika vya mkononi havizidi mililita 100 kwa chupa, isipokuwa vilivyonunuliwa uwanjani na kufungwa kwenye mfuko maalumu pamoja na risiti. Akiufungua mfuko kabla ya ukaguzi wa uwanja unaofuata, chupa huweza kubaki kwa wakaguzi.