Binti na Dini ya Nyumbani



Hapa Mhunze, kama kwingineko Usukumani, si ajabu kumsikia mzee akilalamika kwamba binti yake "amepotea": ameolewa na mtu wa dini nyingine, naye amemfuata huko. Kabla ya kumlaumu binti huyo, hebu tutazame tulikotoka.

Mila ya Kisukuma ilitambua ndoa za namna mbili. Ng'ombe wakitolewa, watoto walikuwa wa ukoo wa baba. Wasipotolewa, ndoa hiyo iliitwa butende, na watoto walibaki kwa kina mama. Basi mtoto ni wa nani, na atatambika na akina nani, ni mambo yaliyoamuliwa na wazee. Hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1883 mapadre wa White Fathers walifungua misheni Bukumbi, na mwaka 1913 Waprotestanti wa Africa Inland Mission wakaanza kazi Kolandoto, karibu na Shinyanga mjini. Huko msichana mkubwa aliyetaka kubatizwa alikutana na jambo geni: aliulizwa yeye mwenyewe, ajibu kwa kinywa chake, kama anaamini.

Lakini nyumbani baba aliendelea kujibu kwa niaba yake. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya baba. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Katiba hiyo hiyo, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini.

Sasa tujiulize. Mzazi anayesema "Sali, usiulize" anamfundisha binti nini? Anamfundisha kutii mwenye nyumba. Siku binti atakapohamia nyumba nyingine, atamtii mwenye nyumba ile. Hajaasi hata kidogo. Ameshika somo alilopewa.

Yuko na mzazi mwingine, ambaye binti akimuuliza kwa nini tunafunga, au kwa nini babu alitambika, huketi akamweleza. Binti huyu naye anaweza kubadili dini, lakini atajua anachokiacha na sababu yake.

Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi mzazi mwenzangu, binti akikuuliza jioni ya leo, usimrudishe jikoni. Mjibu.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo.