Karatasi kuukuu zageuka shanga

Katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka Mombasa ilipita Taita ikiwa na shanga na nyaya, ambazo wenyeji walijipamba nazo. Siku hizi shanga zaweza kutengenezwa nyumbani kwa karatasi zilizotupwa.

Kalenda kuukuu hukatwa vipande virefu vya pembetatu. Kila kipande huviringishwa kwenye njiti kuanzia upande mpana, na ncha yake hugandishwa kwa gundi. Shanga zikikauka hupakwa vanishi, kisha hutungwa kuwa mikufu na bangili.

Huko Voi na Kasigau, ambako ukame na ndovu humnyima mkulima mavuno, kazi hii haingojei mvua. Hata hivyo, vanishi isipuuzwe: ushanga unaolainika kwa jasho humfukuza mnunuzi.