Kitabu Chenye Jina Gumu

Neno letu latoka Injili ya Mathayo 5:44, ambapo Bwana atuagiza kuwapenda adui zetu na kuwaombea wanaotuudhi.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia, siku moja nilichukua kitabu chembamba katika maktaba. Kilikuwa cha Kiingereza, na maana ya jina lake ni hii: Nampenda Idi Amin. Nilikasirika, nikakirudisha mahali pake. Mtu awezaje kusema hivyo?

Siku zile mimi nilikuwa sijasalimiana na kaka yangu kwa miaka miwili, kwa sababu ya kipande cha shamba la marehemu baba. Labda ndiyo sababu jina lile lilinichoma. Baada ya wiki moja nilikirudia, nikakisoma.

Mwandishi wake ni Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, Uganda. Yeye na Askofu Mkuu Janani Luwum walikuwa watu wa Uamsho, ule uliofika hata kwetu Kenya. Mwaka 1977 Kanisa la Uganda lilikuwa likitimiza miaka 100. Usiku wa manane, tarehe 5 Februari, askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu wakitafuta silaha. Hawakuona hata moja. Maaskofu hawakunyamaza, walimwandikia Rais Amin barua wakieleza wazi mateso ya watu wake.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakasimamishwa juani mbele ya askari wengi, na mashtaka yakasomwa. Kisha maaskofu wakaambiwa waende zao, ila Askofu Mkuu akaitwa ndani. Kivengere alibaki nje akimngoja rafiki yake. Hakutoka tena. Kesho yake redio ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili wamekufa katika ajali ya gari. Lakini mwili wake ulikuwa na majeraha ya risasi. Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, karibu na la Askofu Hannington aliyeuawa mwaka 1885. Lakini serikali haikuutoa mwili. Ulipelekwa Mucwini, kijijini kwao, ukazikwa huko.

Kivengere naye alionywa kwamba anatafutwa. Yeye na mkewe Mera wakapanda milima usiku kwa miguu, wakavuka kuingia Rwanda.

Sasa angalieni, ndugu zangu. Alipofika Uingereza, moyo wake ulikuwa umejaa uchungu. Siku ya Ijumaa Kuu, ameketi kanisani London, alitafakari jinsi Bwana alivyowaombea msamaha waliomsulibisha. Hapo Roho Mtakatifu akamwonyesha chuki yake mwenyewe, naye akatubu. Kitabu kikatoka mwaka ule ule wa 1977.

Yafaa tuukumbuke mwaka huo. Amin alikuwa bado anatawala. Hakuangushwa mpaka Aprili 1979. Kumsamehe adui aliyekwisha kushindwa ni jambo jepesi kidogo. Huyu alisamehe angali mkimbizi, na mwuaji angali katika kiti chake, wala hajaomba radhi.

Wengine husema kwamba kusamehe ni kufunika maovu. Sivyo. Kitabu kile kinataja mauaji pasipo kuficha. Maaskofu walisema kweli kwanza kwa barua, na Luwum akailipia kwa damu yake. Msamaha wa Kikristo hauliiti giza nuru. Unakataa tu kuliacha giza liingie moyoni mwetu.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa kaka yangu. Nilimwambia wazi neno lililoniuma, kisha nikamwomba radhi kwa chuki yangu. Shamba lile hata leo hatujapatana mpaka wake. Lakini jioni ile tulikunywa chai pamoja, na mama yetu alikuwapo akaona.

Je, wewe msikilizaji, ni jina la nani usiloweza kulitaja ukiomba? Usingoje aje kwako kwanza. Litaje leo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaombea waliokusulibisha, tupe ujasiri wa kusema kweli na neema ya kupenda. Utuondolee uchungu ulio ndani yetu, kwa ajili ya jina lako. Amina.