Namba 440 na Litungu ya Babu

Leo naomba tuweke kando mambo ya database, tuongee kuhusu sauti. Kisa chenyewe kilianzia kwetu Musanda, kaunti ya Kakamega, nilipoenda nyumbani kwa Krismasi.

Babu yangu hucheza litungu. Yake ina nyuzi saba. Mimi kwa kujiona mtaalamu nilikuwa nimeandika kiprogramu cha simu kinachosikiliza uzi na kusema kama umekazwa sawa: kijani ni sawa, nyekundu ni kosa. Uzi wa kwanza, nyekundu. Wa pili, nyekundu. Karibu zote nyekundu! Babu akaitazama simu, akaniuliza, "Hicho kitu kilifundishwa litungu na nani?"

Sikuwa na jibu. Ikabidi nitafute historia.

Tuanze na msingi. Sauti ni mtetemo, na idadi ya mitetemo kwa sekunde tunaipima kwa Hezi. Kompyuta haina uzi wala ngoma, inahesabu tu. Kwa kawaida programu hukokotoa sampuli 44,100 kila sekunde kwa kanuni hii:

sampuli = sin(2 × pi × f × n / 44100)

Hapo n ni namba ya sampuli, na f ni masafa unayoyataka. Badilisha f, umebadilisha sauti. Basi.

Mwaka 1957, Max Mathews wa Bell Labs kule Marekani aliandika programu iitwayo MUSIC, akaifanya kompyuta ya IBM 704 itoe muziki kwa hesabu za namna hii. Ilipokuja IBM PC mwaka 1981, kazi ikawa rahisi zaidi. Ndani yake kulikuwa na saa yenye mapigo 1,193,182 kwa sekunde. Ukiyagawanya kwa 2,712 unapata kama 439.96, na spika ndogo inalia karibu kabisa na 440. Kaka na dada zetu waliosoma Turbo Pascal watakumbuka: Sound(440), kisha Delay, kisha NoSound. Usiposahau NoSound, lakini! Ukiisahau, maabara nzima inakugeukia.

Sasa sikilizeni vizuri. Ile saa haikujali kama umeandika 440 au 437. Mashine haina ngazi ya muziki. Hiyo 440 ni makubaliano ya watu: mkutano wa London wa mwaka 1939 uliipendekeza, na shirika la viwango la ISO likaipitisha mwaka 1955. Kugawanya oktava hatua 12 zilizo sawa ni makubaliano vilevile. Aliyeyaingiza kwenye programu yangu ni mimi mwenyewe, kwa kunakili kanuni bila kufikiri.

Na wapo waliouliza swali la Babu zamani. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alichapisha vipimo vya ngazi za muziki za mataifa mbalimbali, akitumia kipimo cha senti: oktava moja ni senti 1,200. Akaonyesha kwamba hakuna ngazi moja ya wanadamu wote. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki Kenya mwaka 1950, alikuwa akipima ala za Afrika kwa seti ya nyuma za sauti, kuanzia Hezi 212 hadi 424, kila mmoja ukizidi mwenzake kwa Hezi 4. Yaani alisikiliza kwanza, ndipo akaandika namba.

Jirani zetu Uganda, Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alichapisha mwaka 1950 katika jarida la Nature vipimo vya kinubi cha Wabaganda. Oktava ilikuwa imegawanywa hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, kama senti 240 kila moja. Tukianzia 220 tunapata: 220, 252.7, 290.3, 333.5, 383.0, 440. Kwenye piano kuna 246.9, halafu 261.6. Ile 252.7 inaangukia katikati. Programu yangu ingemwambia mpiga kinubi huyo amekosea, kumbe mwenye makosa ni programu.

Nimeiandika upya. Sasa inasikiliza kwanza nyuzi saba zote Babu akiwa ameridhika nazo, inahifadhi masafa saba, kisha inazalisha sauti hizo hizo. Uzi ukikatika, anakaza mpya kwa kufuata namba zake mwenyewe. Nyekundu na kijani nimezifuta.

Kwa nini nasumbuka hivi? Kwa sababu Babu ni mzee, na katika wajukuu hakuna aliyejifunza kukaza nyuzi kwa sikio lake. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya Isukuti, ya hapa hapa Kakamega, kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Litungu ya Babu haimo kwenye orodha yoyote. Ningekuja na ile programu ya kwanza kwa kijana anayeanza kujifunza, angeiamini simu kuliko mzee, na sauti zile zingepotea bila mtu kujua kwamba ziliwahi kuwepo.

Kwa hiyo wenzangu tunaoandika programu, kabla ya kuweka rangi nyekundu, uliza kwanza: kipimo hiki ni cha nani?

Haya, tuonane tena. Nyuzi saba za Babu ziko salama kwenye faili, na nakala nimeweka mbili.