Mshumaa Unapokula Ushahidi Wake

Alfajiri ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1986, moto ulizuka Hampton Court, kasri la kale la wafalme wa Uingereza kando ya Mto Thames. Chanzo kilikuwa ghorofa ya juu, kwenye makazi ya mjane wa jenerali, mmoja wa waliopewa nyumba humo kwa hisani ya Malkia. Bibi huyo alizoea kuwasha mishumaa usiku. Alifariki yeye peke yake. Vyumba vya Mfalme William wa Tatu, kazi ya msanifu majengo Christopher Wren, viliharibika vibaya, na pambo la maua na majani lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, lililochongwa na Grinling Gibbons, likateketea. Mmarekani David Esterly alilichonga upya, petali kwa petali.

Lawama zilikwenda kwa mshumaa. Lakini mpelelezi huthibitishaje jambo hilo? Nta huyeyuka kabla joto halijafika nyuzi 70, kisha hugeuka mvuke na kuungua pamoja na utambi. Pengine husalia kibati cha alumini kilichoshika mshumaa tu, nacho huyeyuka kwa nyuzi 660, joto ambalo chumba kinachowaka hulifikia kwa urahisi.

Kwa miaka mingi wapelelezi walitegemea alama walizofundishwa na waliowatangulia: penye mkaa mzito ndipo moto ulipoanzia, sakafu yenye mabaka imemwagiwa petroli. Watu walifungwa kwa ushahidi wa namna hiyo, na huo ulikuwa udhalimu.

Mwaka 1991, huko Jacksonville, Marekani, mtaalamu John Lentini na wenzake walilitia moto kochi ndani ya nyumba kwa jaribio, bila petroli hata tone. Haikutimia dakika tano, chumba kizima kikashika moto kwa mpigo. Sakafu ilibaki na mabaka yaleyale.

Mwaka uliofuata ulitoka mwongozo wa upelelezi wa moto uitwao NFPA 921, unaodai kila dhana ipimwe kisayansi. Wakongwe wengi waliupinga. Toleo la 2011 likagusa mishumaa moja kwa moja, hata kama halikulenga hiyo pekee: lilikataa desturi ya kuondoa sababu nyingine zote, kisha kuitaja iliyobaki kuwa chanzo bila ushahidi wake. Kukuta nyaya za umeme ni nzima hakuthibitishi kwamba palikuwa na mshumaa. Pasipo kibati, masalia ya nta wala shahidi aliyeuona ukiwaka, ripoti ya haki ni ile inayoandika kwamba chanzo hakijulikani.