Jipange

Nilipoacha chuo, mtaa mzima wa Kaloleni ulinipa ushauri wa neno moja: jipange. Vyama vya siasa pia, vikishindwa, husema vinaenda kujipanga. Lakini kujipanga ni kufanya nini hasa?

Mzee mmoja jirani alinijibu karibu na ukumbi wa mtaa, ule ambao wazee bado wanauita Bunge kwa sababu kabla ya uhuru akina Tom Mboya walikuwa wakihutubia umati hapo. Alichukua vifuniko vya soda vya drafti, akanifanyia hesabu.

Mwaka 1992 Moi alipata kama asilimia 36 ya kura. Matiba 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Jumlisha hao watatu. Wapinzani walikuwa na zaidi ya asilimia 60, na bado wakarudi nyumbani mikono mitupu. 1997 wakarudia yale yale: Moi 40, Kibaki 31, nao Raila, Wamalwa na Ngilu wakagawana sehemu kubwa ya zilizobaki.

"Unaona?" mzee akasema. "Kura zilikuwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwachia mwenzake."

Hiyo ndiyo kazi iliyowachukua miaka kumi. 2002, Kibaki, Wamalwa na Ngilu walikubaliana nani atasimama. Moi, ambaye katiba haikumruhusu kugombea tena, akamchagua Uhuru Kenyatta. Raila na wenzake wakahama KANU, na Oktoba, pale Uhuru Park, Raila akatamka "Kibaki tosha". Desemba, Kibaki akapata asilimia 62. Ni kama zile zile za 1992, safari hii zikiwa kwa kapu moja. KANU, iliyotawala tangu 1963, ikaanguka.

Nikadhani hadithi imeisha. Mzee akavuruga vifuniko.

Makubaliano ya kugawana madaraka yalivunjika mapema. Kwenye kura ya maamuzi ya 2005 Kibaki na Raila walikuwa pande tofauti. 2007 wakagombea urais mmoja dhidi ya mwingine, na vurugu zilizofuata zikaua watu zaidi ya 1,000.

"Walipanga vile watashinda," mzee akaniambia. "Vile wataishi pamoja wakishashinda, walisema wataona huko mbele."

Siku hizi nikisikia chama kinajipanga, sijali sana wameshika kura ngapi. Nauliza wamekubaliana nini kuhusu siku ya pili.